Swali la Kumi na Moja

Dodoso lilikuwa na maswali 18. Nililimaliza kabla kahawa yangu haijapoa, nimekaa kwenye kiti cha plastiki chini ya mwembe, nje ya ofisi ya serikali ya mtaa huku kwetu Gezaulole, Kigamboni, ng'ambo ya maji kutoka mjini Dar es Salaam. Kijana aliyelileta alikuwa na kishikwambi kwapani, viatu vimejaa mchanga, na adabu za mtu aliyelelewa na bibi yake. Alikuwa anakusanya maoni ya wenye viwanja na nyumba za ufukweni kuhusu utalii endelevu. Kila swali lilikuwa na majibu matano, kuanzia "Sikubali kabisa" mpaka "Nakubali kabisa".

Mikoko isikatwe? Nakubali kabisa. Maji machafu yasielekezwe baharini? Nakubali kabisa. Wenyeji wapewe ajira kwanza? Nakubali kabisa. Mkono ukazoea, nikawa naweka tiki kama karani anayegonga mihuri Ijumaa jioni.

Nyuma yangu alikaa Bi Mkubwa. Mtaa mzima unamwita hivyo, hata wazee wenzake. Ana kipande cha ardhi chenye minazi sita na nyumba ya vyumba viwili, kwa hiyo naye alikuwa amealikwa kama mmiliki. Miwani aliisahau nyumbani, kijana akawa anamsomea swali moja moja, naye anajibu kwa kutikisa kichwa. Walipofika swali la kumi na moja, kijana akasoma kwa sauti: "Wakazi wa eneo hili wanaweza kufika ufukweni bila kizuizi."

Kichwa hakikutikisika. Bi Mkubwa akaninyooshea kidole.

"Hilo muulize mwanangu huyu. Yeye ndiye anajua ufunguo uko wapi."

Watu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Imepita wiki ya sita sasa, na kinachonisumbua si maneno yake. Ni kile kicheko changu.

Ufunguo

Baba alinunua kiwanja hiki mwaka 1994. Wakati huo kwenda Kigamboni kulikuwa kupanga foleni ya pantoni pale Magogoni, halafu kudandia gari lolote lililokuwa linaelekea kusini. Ndugu zake walimcheka. Walisema mtu mwenye akili ananunua Tegeta, hanunui porini ng'ambo ya maji. Alipofariki akatuachia mimi na kaka. Daraja la Kigamboni lilipofunguliwa mwaka 2016, wale wale waliocheka wakaanza kutupigia simu kuuliza kama kuna jirani anauza.

Hatukuuza. Tulikopa tukajenga vibanda vinne vya makuti na baraza la kulia chakula. Wageni wetu nusu ni watu wa mjini wanaokuja kupumzika wikiendi, nusu ni wageni wa nje wanaosubiri kwenda Zanzibar au wametoka huko. Kwenye tangazo letu la intaneti tumeandika kwamba sisi ni rafiki wa mazingira. Na kweli, maji ya kuoga yanapashwa na jua, mirija ya plastiki hatuna, na mabaki ya chakula yanaenda kwa kuku wa jirani. Mifuko ya plastiki siihesabu. Ilipigwa marufuku nchi nzima tarehe 1 Juni 2019, na mtu hajisifu kwa kutii amri. (Kaka aliihesabu. Iko kwenye tangazo mpaka leo.)

Fensi ilikuja kwa sababu ya nyota tatu.

Mgeni mmoja alikaa siku mbili, akala vizuri, akaaga vizuri, kisha akaandika mtandaoni kwamba mahali ni pazuri ila watu asiowajua walikuwa wanakatiza mbele ya meza yake wakati anakunywa chai, wamebeba ndoo na vijiti vyenye ncha. Akatupa nyota tatu. Kwa asiyejua biashara hii, nyota tatu ni sawa na kuandikiwa "hapa kuna kunguni".

Wale "asiowajua" walikuwa akina mama wanaokwenda mwambani kuvua pweza. Vile vijiti ni michokoo. Walikuwa wanakatiza pale tangu sijazaliwa.

Kabla mwezi haujaisha tulikuwa na nguzo za zege, waya, mlango wa chuma na kufuli la shaba.

Kasa

Hapa ndipo panaponichoma.

Mwaka mmoja kabla ya fensi, mlinzi alinipigia simu saa nne usiku. "Dada, njoo uone, kuna vitu vinatambaa jikoni." Bahati nzuri nilikuwa nimelala kule kule. Nikatoka na tochi. Sakafu ya jiko ilikuwa imejaa vitoto vya kasa, kila kimoja hakizidi kiganja cha mtoto, vinapiga mapezi juu ya saruji vinaelekea kwenye friji. Kimoja kilikuwa kimenasa kwenye tambara la kudekia.

Kasa jike hupanda ufukweni usiku, akachimba shimo, akataga mayai mia na zaidi, akafukia, akarudi baharini. Baada ya kama miezi miwili vitoto vinaibuka, usiku pia, na vinafuata upande wenye mwanga kuliko mwingine wote. Kwa maelfu ya miaka mwanga huo ulikuwa anga juu ya bahari. Usiku ule ulikuwa taa yetu ya jikoni.

Tulizima taa zote. Wageni walitoka na shuka mabegani, watu wazima wakapiga magoti mchangani wakivielekeza vitoto majini, mama mmoja kutoka Tabata analia waziwazi. Wiki hiyo hiyo tulibadilisha kila taa inayotazama bahari. Tukaweka zile nyekundu hafifu, tukazifunika vifuniko vya mabati. Hatukuitisha kikao. Kaka, ambaye hutaka risiti hata ya kiberiti, alitoa fedha bila kuuliza.

Picha za usiku ule ziko kwenye ukurasa wa kwanza wa tangazo letu. Zimetuletea wageni wengi kuliko kitu kingine chochote tulichowahi kufanya.

Kasa alipata njia ya kwenda baharini ndani ya wiki moja.

Bi Mkubwa alipata kufuli.

Wenzangu wa ufukweni

Baada ya siku ya dodoso nikaanza kuwatembelea majirani. Kisingizio kilikuwa chai. Ukweli ni kwamba nilikuwa natafuta mtu mbaya kuliko mimi.

Mwenye jumba la kaskazini anaishi mjini na huja mara moja kwa mwezi. Ndiye aliyejenga ukuta wa mawe kuzuia mawimbi, na anauita mchango wake kwa mazingira. "Mimi napenda bahari," aliniambia. "Ndiyo maana nimeizuia." Alisema bila utani.

Mwingine, upande wa mikoko, anakubali kabisa kwamba mikoko ni mazalia ya samaki na kinga ya pwani. Anataka tu ile iliyo mbele ya vyumba vyake ipunguzwe, maana inaleta mbu na inaziba bahari. Mikoko ya watu wengine ibaki.

Kuhusu maji hakuna aliyetaka kuongea muda mrefu. Visima vyetu vinabadilika ladha. Kila mmoja ana pampu, kila mmoja ana wageni wanaoga mara tatu kwa siku, na maji matamu yakinyonywa kwa fujo karibu na pwani, ya chumvi husogea kuchukua nafasi yake. Chai ya kwetu siku hizi haihitaji mtu awe na ulimi wa fundi kujua. Nilipoligusa suala hilo, mwenyeji wangu akaniongezea sukari.

Aliyenitikisa ni baba mmoja mwenye vibanda viwili, asiye na hati. Ana barua ya serikali ya mtaa na karatasi ya mauziano. Nilimuuliza kwa nini hapandi mivinje kushika mchanga wake unaoondoka, nikaanza kumweleza faida zake kama mwalimu wa kilimo. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mvinje unachukua miaka mingapi kuwa mvinje?"

Nikasema mingi kidogo.

"Mimi sijui mwakani nitakuwa wapi."

Watu wa Kigamboni watamwelewa. Tangu mwaka 2008, serikali ilipotangaza mpango wa mji mpya, watu huku walikaa miaka wakisubiri kuambiwa kama watabaki au watahama. Wengine waliacha hata kupaka rangi nyumba zao. Mtu akishaishi hivyo, ukimuuliza kuhusu "endelevu" anakutazama kama unamuuliza kuhusu mwezi. Nilikuwa nikidhani wasiojali ni wale wasiojua. Huyu anajua bahari kuliko mimi. Anachokosa ni uhakika kwamba kivuli cha mti atakaoupanda kitakuwa chake au cha mwanawe.

Mimi uhakika ninao. Nina hati yenye muhuri. Na nilichofanya na uhakika wangu ni kufunga mlango.

Mita 60

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Sisi wenye viwanja tunaijua, na tunaizungumza kama watu wanavyozungumza jamaa wa familia aliyefungwa: kwa sauti ya chini, na kwa kubadilisha mada haraka.

Utetezi wetu wa kawaida ni kwamba hati zetu ni za zamani kuliko sheria. Yangu ni ya mwaka 2002, kwa hiyo na mimi nilikuwa najifichia hapo. Siku moja nikachukua futi ya fundi, nikamwita mlinzi ashike upande mmoja. Kutoka alama ya maji kujaa mpaka nguzo ya kwanza ya baraza ni mita 38.

Baraza tulilijenga 2017.

Na hata hati yenyewe hainiokoi sana, kwa sababu Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ilikuwa tayari imeitaja ardhi iliyo ndani ya mita 60 kutoka pwani, pamoja na mikoko na matumbawe, kwenye orodha ya ardhi hatarishi. Mlinzi aliviringisha futi taratibu, akaniuliza kama tutahamisha baraza. Nikamwambia tunapima tu.

Bi Mkubwa anahesabu

Nilikwenda kwake na kilo mbili za sukari na paketi ya majani ya chai, maana huendi kuomba radhi mikono mitupu. Alipokea sukari. Radhi hakuipokea wala hakuikataa. Alisema, "Njoo siku za bamvua, asubuhi. Uvae viatu vya kuchakaa."

Nikaenda. Tulitoka kwake saa mbili na nusu, yeye na wanawake wengine wawili, kila mmoja na ndoo na mchokoo. Kutoka mlangoni kwake unaiona bahari katikati ya minazi. Ukitupa jiwe kwa nguvu, linakaribia. Lakini hatukuelekea huko. Tuligeuka nyuma, tukarudi hadi barabara kubwa, tukafuata ukuta mrefu wa kiwanja kisichojengwa, tukapita nyuma ya hoteli moja ambako jenereta linanguruma, tukashuka kwenye mtaro wa maji ya mvua. Ndiyo njia. Nilikuwa natazama saa kwa aibu. Dakika thelathini na mbili.

Siku za bamvua maji hupwa sana kiasi cha saa nne asubuhi, na mwamba ukiwa wazi wana kama saa tatu za kufanya kazi kabla maji hayajarudi. Mzunguko ule, kwenda na kurudi, ni zaidi ya saa moja. Bahari haimwongezei mtu muda kwa sababu dada fulani ana wageni.

Mwambani nilikuwa mzigo. Niliteleza, nikakatwa na chaza, nikakanyaga mahali ambapo sikupaswa kukanyaga. Bi Mkubwa, ambaye nyumbani huinuka kitini kwa kushika ukuta, alikuwa anatembea kule kama mtu aliye sebuleni kwake. Alinionyesha tundu la pweza: maganda machache ya kaa yamepangwa mlangoni, mchanga uliosukumwa nje. Mimi niliona mawe. Akaingiza mchokoo, akasikiliza kwa mkono, akavuta. Akatoka mmoja wa kama kilo moja, amejiviringisha mkononi mwake mpaka kwenye kiwiko.

Tulipokuwa tunarudi akaanza kuhesabu. Aligeukia nchi kavu, akawa ananyoosha mchokoo. Pale palikuwa na njia ya kisimani. Pale njia ya mitumbwi, ndiyo maana mwembe ule umekatwa upande mmoja. Pale njia ya msikitini. Alihesabu saba. Zilizobaki ni mbili, na moja ni ule mtaro.

Ya nne ilikuwa yetu. Aliipita kama alivyozipita nyingine, hakuikazia.

Alisimama mbele ya ukuta wa jirani wa kaskazini. Nilishauona mara elfu kutoka juu. Kutoka chini ni kitu kingine. Mchanga wa mguuni pake umechotwa, msingi uko nje kama fizi za mzee. Wimbi likigonga ukuta halifii pale. Linarudi na mchanga, na pale ukuta unapoishia linakula pembeni. Pembeni ni kwetu. Mivinje miwili ya baba imeinamia bahari, mizizi yake unaweza kutundikia nguo.

"Na nyie mtajenga," Bi Mkubwa alisema. Hakuwa anauliza. Kaka alikuwa ameshaleta fundi kupima.

Nikatazama upande wa pili, kusini, pale ambapo ukuta wetu ungeishia. Ni minazi sita.

Wenyeji wa Dar hatuhitaji kuelezwa sana habari hizi. Kila siku makondakta wanapaza sauti "Afrikana!" kule barabara ya Bagamoyo, na wengi wanaoshuka hapo hawajui kwamba jina ni la hoteli iliyokuwa ufukweni, bahari ikaiandama mpaka ikabaki magofu. Pale Kunduchi bahari ilichukua nyumba na msikiti. Mchanga unaojaza fukwe hutoka mitoni, na mito yetu tumekuwa tukiichimba mchanga wa kujengea. Tunazoa mchanga mtoni, tunafyatua tofali, tunajenga ufukweni, kisha tunashangaa ufukwe umekwenda wapi. Jiji likijenga ukuta kulinda barabara, kama ule wa Barack Obama Drive, angalau kuna barabara ya watu wote nyuma yake. Nyuma ya wetu pangekuwa na meza nne na bembea.

Mkoba wa baba

Nilichokuwa natafuta kwenye mkoba wa baba ni risiti za kodi ya ardhi. Nilichokutana nacho ni karatasi ya mistari, imekunjwa mara nne, kalamu ya bluu imefifia. Mauziano ya 1994. Muuzaji ametia dole gumba. Mashahidi watatu, mmoja balozi wa nyumba kumi. Mipaka imeelezwa kwa mtindo wa zamani: mashariki bahari, magharibi shamba la mihogo, kaskazini mnazi pacha.

Kusini, njia ya kwenda pwani.

Niliisoma nimekaa sakafuni. Njia ndiyo ilikuwa mpaka wetu. Haikuwa ndani ya kiwanja hata siku moja. Upimaji ulipokuja ukapigwa bikoni, mstari ukanyooka kwenye ramani, na njia ikamezwa bila mtu yeyote kuinua sauti. Baba hakuifunga, kwa hiyo hakuna aliyejua kwamba imemezwa. Watu waliendelea kupita juu ya mstari. Mpaka tulipokuja sisi na tangazo letu rafiki wa mazingira.

Muuzaji mwenye dole gumba alikuwa marehemu mume wa Bi Mkubwa. Kwa hiyo alikuwa anajua kilichoandikwa mle. Alijua siku ya dodoso, alijua aliponinyooshea kidole, na hakusema.

Nikampigia yule kijana wa kishikwambi, nikamwomba anibadilishie jibu la swali la kumi na moja. Alikuwa mpole sana. Akasema majibu yameshatumwa, lakini ananishukuru kwa ushirikiano.

Kwa hiyo mahali fulani kuna jedwali, na mimi nimo, nakubali kabisa.

Kaka

Nisimfanye kaka kuwa shetani. Ana hoja.

Kabla ya fensi tuliibiwa kompyuta mpakato ya mgeni, tukailipa sisi. Mkopo wa benki unakatwa kila mwezi, wageni waje wasije. Akiweka njia ya wapitaji katikati ya wageni waliolipia utulivu, atauza nini? "Dada," aliniambia, "wewe una mshahara mjini. Unaweza kuwa na huruma. Mimi nakula hapa."

Lilinikaa. Kwa sababu ni kweli kwamba wema wangu una mshahara nyuma yake.

Tulibishana siku nne, mbili kwa maneno na mbili kwa kununiana. Nilimwonyesha karatasi ya baba. Aliisoma, akaigeuza nyuma kama atakuta maandishi mengine, akasema hati ndiyo inayotambulika. Nikamuuliza kama ataweza kumwambia hivyo Bi Mkubwa usoni. Akanyamaza. Jioni akaja na jambo jipya, macho yanang'aa: basi tuwafanye kivutio. Matembezi ya mwambani na akina mama wa pweza, kwa watalii, kwa bei. Akina mama wanapata chao, sisi tunapata chetu, na picha zitakuwa nzuri.

Sikujua nicheke au nilie. Siku tano zilizopita walikuwa wanatuharibia nyota. Na mbaya zaidi, si wazo la kijinga. Linaweza hata kuwasaidia. Lakini mtu anayerudishiwa njia yake hapaswi kuilipia kwa kupigwa picha. Tumeliweka pembeni. Namfahamu, atalirudisha.

Tulichokubaliana ni hiki: ukuta wa bahari haujengwi kwa sasa, na fundi amelipwa nauli akaenda zake. Upande wa kusini tumesogeza fensi kiasi cha upana wa watu wawili na ndoo zao. Lakini kaka aling'ang'ania mlango ubaki, na uwe wazi siku za bamvua tu, kama siku kumi kwa mwezi. Nilikubali. Sijaridhika. Njia yenye ratiba inanikaa vibaya kooni, na mpimaji niliyemwuliza kuhusu kurudisha njia kwenye ramani amenipa orodha ya nyaraka ndefu kuliko ile tuliyotumia kupata mkopo. Jina la mtaa wetu, kwa Kizaramo, maana yake ni "jaribu uone". Basi najaribu.

Mbwa

Bamvua ya kwanza baada ya kusogeza fensi, nilichukua likizo ya siku mbili kazini. Saa mbili asubuhi mlango ulikuwa wazi, kufuli nimelining'iniza juu ya nguzo ili lionekane kwa mbali. Nikakaa barazani na kikombe changu cha chai yenye chumvi, najifanya nasoma gazeti.

Hakupita mtu.

Kesho yake pia. Saa nne nikawaona kwa mbali mwambani, madoa matatu ya khanga. Walikuwa wamezunguka.

Jioni nikaenda kwake. Nikamkuta anampondaponda pweza juu ya jiwe. Nikamwambia, mama, njia iko wazi, nilidhani umesikia.

"Nimesikia."

"Sasa?"

Alimgeuza pweza, akaendelea kuponda. "Na wale mbwa wenu watatu, wao wamesikia?"

Sikuwa nimewafikiria. Tuliwaleta pamoja na fensi, wanalala pale pale kusini, kwenye kivuli cha mlango.

"Mmoja akininusa tu, udhu sina, nguo sina," alisema. "Nikajitwaharishe baharini kwa maji ya chumvi, halafu nivue saa ngapi?"

Kaka anasema mbwa wakifungwa mchana watashindwa kazi usiku. Mlinzi anasema hawatashindwa. Mwezi utakuwa mpevu Jumatano. Nimeagiza minyororo mitatu Kariakoo, na mlinzi nimempa maelekezo: wafungwe nyuma ya jiko kabla ya saa mbili, na kile kivuli cha mlangoni akifagie, harufu yao isibaki.